Sickle cell haikuanza Chicago

Ukitafuta historia ya selimundu, ile wengi wetu tunaita tu sickle cell, utaambiwa iligunduliwa Chicago mwaka wa 1910. Sawa. Lakini wale waliokuwa wanaumwa kabla ya hapo, walikuwa wanaumwa na nini?

Tuanze na huyo wa Chicago. Mwaka wa 1904 kijana wa miaka 20 anaitwa Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada kwenda kusomea udaktari wa meno. Desemba akaingia hospitali. Daktari mdogo, Ernest Irons, aliangalia damu yake kwa darubini akaona seli zimejipinda kama mundu. Mkubwa wake, James Herrick, akaandika ripoti iliyotoka 1910, na jina lake likabaki kwa vitabu. Jina la Noel halikuwa kwa hiyo ripoti.

Na huyu msee hakuwa tu damu kwa kioo. Alilazwa tena na tena, bado akamaliza masomo 1907, akarudi kwao Grenada, akafungua kliniki yake. Alifariki 1916 akiwa na miaka 32.

Huku Afrika ugonjwa ulikuwa na majina kitambo. Ghana, Waga waliuita chwechweechwe. Daktari Felix Konotey-Ahulu wa huko alifuatilia ukoo wake mwenyewe akapata wagonjwa mpaka mwaka wa 1670. Hiyo ni miaka 240 kabla ya ripoti ya Herrick!

Sasa tuje nyumbani. Mwaka wa 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Gilgil, alizunguka Kenya akipima damu za watu. Kwa jamii za Pwani na za karibu na Ziwa Victoria, alipata wengine zaidi ya asilimia 20 wamebeba jeni hii. Kwa kadhaa za nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Tofauti ilikuwa mbu. Mwaka wa 1954 akachapisha jibu: ukirithi jeni moja, inakukinga dhidi ya malaria kali. Ukirithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ndio unaugua.

Kwa hivyo anayesema ni laana ya familia hajui historia. Jeni hiyo iliwaokoa mababu wengi wasiuawe na malaria. Mwenye amerithi mbili ndiye analipa hiyo bei, na analipa kila siku.

Analipa aje? Seli zilizopinda zinaziba mishipa midogo ya damu, mifupa na viungo vinauma vibaya sana. Jana mlicheka naye, leo hawezi kuinuka kitandani. Na kwa sababu kwa nje anakaa poa, tunasema anajifanya, anatoroka kazi, anapenda huruma. Darubini ilionyesha hizi seli 1904, na sisi bado tunamwambia mtu athibitishe anaumwa.

Dawa kama haidroksiurea inapunguza hayo mashambulizi. Pia kuna kipimo cha damu. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Jueni mapema, kabla ya harusi.

Na kama uko na rafiki anayeishi nayo, usimuulize kama ni kweli. Muulize anahitaji nini. Pengine ni maji, sweta na notisi za jana tu.