Gobori na Bunduki ya Mtutu Mwembamba: Bei na Thamani Katika Usukuma

Swali la kwamba bunduki njema ya mtutu mwembamba yastahili bei yake kubwa huachiwa aghalabu wawindaji na wafanya biashara. Hata hivyo, ni swali la historia pia, na katika nchi ya Usukuma ya mashariki limejibiwa mara nyingi na watu wasioandika vitabu. Tuchukue Mwamapalala, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Itilima, wilaya iliyokatwa kutoka Bariadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Huko ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na upande wa mashariki kuna Pori la Akiba la Maswa, ambamo ndovu hutoka wakaingia mashambani. Mwenye shamba na zizi mahali kama hapo ana sababu ya kupima silaha kwa kile itakachomtendea, wala si kwa sifa za muuzaji.

Nianze na maneno, maana ndiyo kazi yangu. Bunduki ni neno la Kiarabu, na risasi kadhalika, ambayo asili yake ni jina la madini yenyewe. Lakini kazi ya kuipakia gobori twaisema kwa lugha yetu: baruti hushindiliwa. Mtutu una jina lake, kitako kina jina lake, na ule ufito wa kushindilia ni mdeki. Iliyowashwa kwa utambi iliitwa bunduki ya mrao, na iliyowashwa kwa jiwe ikaitwa gumegume. Sasa msomaji ajaribu kutaja kwa Kiswahili sehemu za ndani za bunduki ipakiwayo kwa nyuma. Atafika upesi mahali ambapo maneno yamekwisha na yamebaki majina ya viwandani. Kwa rai yangu si bahati tu. Watu hukipa majina kile wakifunguacho na kukitengeneza wenyewe. Gobori ilivunjika ikapelekwa kwa mhunzi. Ikikosa risasi ya duka ilitiwa vipande vya chuma au vijiwe.

Nyingi za gobori hizo zilikuwa bunduki za majeshi ya Ulaya zilizostaafu, zenye mitutu ya milimita 17 hadi 19, zikauzwa Unguja kwa bei ndogo. Mwaka 1888 balozi wa Waingereza huko, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka. Hata tukipunguza nusu, zilikuwa nyingi. Njia ya misafara ilizipeleka Tabora, na kutoka Tabora zikapanda Usukuma. Mirambo, aliyekufa Desemba 1884, alikuwa amekwisha kuonyesha katika Unyamwezi nini kiongozi aweza kufanya na vijana wenye bunduki.

Wakati uo huo Ulaya ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likachukua bunduki ya Lebel yenye mtutu wa milimita 8. Hesabu yake ni rahisi. Baruti nyeusi haiwezi kuusukuma mzigo kwa kasi kubwa, basi nguvu hutafutwa kwa uzito. Risasi ya Mauser ya 1871, yenye upana wa milimita 11, ilikuwa na uzito wa gramu 25 na ilitoka kwa kasi ya mita 440 hivi kwa sekunde. Ile ya milimita 7.92 iliyotumiwa na Wajerumani tangu 1905 ilikuwa gramu 10 tu, lakini kasi yake ilikaribia mita 880. Nusu ya uzito haikufika, na nguvu ikazidi kwa nusu na zaidi. Tena ilikwenda karibu na mstari ulionyooka.

Lakini kabla mtu wa bara hajaamua kununua au kutonunua, aliamuliwa. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za shabaha zisiingie katika eneo kubwa la Afrika, ukaruhusu bunduki za jiwe zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo gobori ilibaki bara si kwa upendo wa mambo ya kale peke yake, bali kwa sheria.

Na aliyeipata bunduki mpya bila duka nyuma yake? Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Zelewski, wakateka bunduki zipatazo 300. Ushindi wenyewe ulikuwa wa mikuki. Zile bunduki zilikuwa na thamani kwa kadiri ya risasi zilizotekwa pamoja nazo, kwa maana hapakuwa na mhunzi wa Uhehe aliyeweza kutengeneza nyingine. Mwezi Oktoba 1894 boma la Kalenga likatekwa.

Ajabu ni kwamba Wajerumani wenyewe walikutwa na shida ile ile. Vita ilipoanza mwaka 1914 askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa bado na Mauser ya 1871, na kila walipopiga, moshi uliwaonyesha adui mahali walipo. Hapo bei ya bunduki mpya ilionekana kuwa ndogo mno. Aprili 1915 meli Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari ya Waingereza. Shehena ikaopolewa, na risasi zilizolowa maji ya bahari zikafunguliwa, zikakaushwa. Kazi ngumu ile ilifanywa kwa ajili ya risasi. Tena tarehe 25 Novemba 1917, walipowashinda Wareno huko Ngomano, waliteka bunduki mia kadhaa za milimita 6.5 na risasi 250,000 hivi, wakaziacha nyingi za zile kongwe. Hawakuchagua bunduki bora. Walichagua bunduki yenye chakula.

Kwa uwindaji, shahidi mkubwa wa mtutu mwembamba ni Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja tangu 1902. Ndovu aliowaua walizidi 1,000, na zaidi ya 800 kati yao kwa bunduki ya milimita 7, wakati mafundi wa London wakisifu bunduki zao nzito za mitutu miwili kwa bei ya kutisha. Aliyajua maungo ya mnyama, akajua risasi ipenye wapi. Bunduki yake ilikuwa na jina la Rigby wa London, lakini mtambo wake ulitoka kiwanda cha Mauser huko Oberndorf. Basi sehemu moja ya bei ililipia chuma, na sehemu nyingine ililipia jina. Ya kwanza nakubali kuilipa; ya pili ni pambo.

Turudi Itilima. Wawindaji wa ndovu wa Kisukuma, Wayege, walitumia mishale ya sumu na hila ya kumkaribia mnyama. Mkulima wa leo hana ruhusa ya kumwua ndovu kwa hiari yake. Kazi hiyo ni ya askari wa wanyamapori, na kwao bunduki ya bei kubwa yastahili bila ubishi, kwa sababu Serikali ndiyo inunuayo risasi na kosa moja laweza kumwua mtu. Lakini fisi wa zizini hupigwa kwa hatua 20 au 30, gizani. Kwa umbali huo mifuo ya mtutu na kasi ya mita 880 havimpi mwenye ng'ombe faida ya kulingana na fedha yake, na fedha hiyo ni ya pamba, hupatikana mara moja kwa mwaka. Juu ya bei kuna leseni, na juu ya leseni kuna safari ya kutafuta risasi mjini.

Wizi wa ng'ombe ndio uliolipima jambo hili kwa ukali zaidi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha za kijeshi zilienea mikononi mwa wezi, na hizo zilikuwa za mtutu mwembamba hasa. Mtu angedhani kwamba wenye mifugo wangetafuta bunduki za namna hiyo. Sungusungu walipoanza katika nchi ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha wakaenea Usukuma yote, kila mmoja alibeba upinde, mishale na filimbi. Mwizi mwenye bunduki alikuwa na risasi alizonazo mfukoni. Filimbi iliamsha kijiji kizima, na kijiji cha pili kikaipokea.