Kamba Cuá: Ngoma Yapokelewa, Ardhi Yapokonywa

Septemba 1820, José Artigas, shujaa wa nchi ambayo leo ni Uruguay, alivuka mto Paraná baada ya kushindwa vitani, akaomba hifadhi Paraguay. Aliandamana na askari weusi pamoja na wanawake wao. Asili ya wengi wao ilikuwa watu waliouzwa utumwani kupitia Montevideo, bandari iliyopokea mateka wa Angola, Kongo na hata Msumbiji. Mtawala wa Paraguay, José Gaspar Rodríguez de Francia, alimtenga Artigas huko Curuguaty, na wale weusi akawapa ardhi karibu na Asunción. Artigas alifariki mwaka 1850. Miaka mitano baadaye mifupa yake ikarejeshwa kwao. Waliompigania walibaki ugenini. Vizazi vyao ndio jamii ndogo ya Kamba Cuá, katika mji wa Fernando de la Mora.

Kila tarehe 6 Januari jamii hii humwadhimisha Mtakatifu Baltazar, mfalme mweusi miongoni mwa mamajusi watatu. Sanamu yake hutolewa nje, ngoma za ngozi zikapigwa kwa viganja, na wachezaji wakaingia uwanjani wamevaa nguo nyekundu na njano. Wageni hufurika. Hapa ndipo penye hoja yangu: taifa linalofurahia ngoma hiyo halijawatendea haki wapigaji wake. Ardhi waliyopewa, inayokadiriwa kuwa hekta 100, ilimegwa katika karne ya 20 mpaka zikabaki hekta chache tu. Walikuwa wakulima. Mkulima aliyenyang'anywa shamba hafidiwi kwa makofi ya watazamaji, hata yakiwa ya dhati.

Kisingizio kinachowaumiza zaidi ni kwamba wao ni watu wa kuja. Paraguay hujieleza kama taifa lililozaliwa na Wahispania na Waguarani peke yao, na kwa simulizi hiyo mtu mweusi lazima awe ametoka kwingine. Historia inakataa. Mji wa Emboscada ulianzishwa mwaka 1740 kama makazi ya watu huru wenye asili ya Afrika, miaka 80 kabla Artigas hajavuka mto, na utumwa wenyewe ulidumu nchini humo hadi 1869. Hata hao wa Kamba Cuá, wanaozungumza Kiguarani kama majirani zao, wana zaidi ya karne mbili pale. Wahamiaji wengi wa Ulaya waliofika baadaye sana hawaulizwi wametoka wapi.

Mwaka 2022 Paraguay ilipitisha sheria namba 6940 dhidi ya ubaguzi wa watu wenye asili ya Afrika. Naipongeza bila kusita, kwa kuwa mtu asiyetambuliwa kisheria hana pa kuanzia kudai. Lakini kumwadhibu anayetukana si sawa na kumrudishia aliyeporwa. Hatua inayofuata ni hatimiliki ya pamoja kwa ardhi iliyobaki, na uchunguzi wa namna ile nyingine ilivyochukuliwa, nani aliidhinisha, na nani anaimiliki leo.