Kanga ya Osaka Kwenye Reli ya Mpanda

Mtu akiombwa aonyeshe mavazi ya asili ya Katavi, hukimbilia gome la mti, kipande cha ngozi na shanga mbili tatu. Kanga iliyochapwa Japani miaka ya 1930 au 1950 haingii kwenye orodha hiyo. Huhesabiwa kuwa bidhaa ya dukani, na bidhaa ya dukani haina historia. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Wazee wengi wa ukanda huu waliozaliwa kati ya vita viwili vya dunia walibebwa mgongoni kwa nguo iliyotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya nguo hizo ilipita bandari za Kobe na Osaka. Ikiwa urithi ni kile ambacho watu walikivaa, walikiozea mabinti na kukizikia wafu, basi pamba ya Japani ina nafasi yake karibu na gome.

Gome lenyewe tusilipite haraka. Misitu ya miombo imefunika sehemu kubwa ya mkoa, kuanzia Inyonga kwa Wakonongo hadi milima ya Wabende na Watongwe inayolitazama Ziwa Tanganyika, na ndani yake imo miti ambayo gome lake la ndani lina nyuzi ndefu. Gome hubanduliwa, tabaka la nje likaparuliwa, likalowekwa, kisha likapigwa kwa nyundo ya mti hadi nyuzi zitanuke na kushikamana. Hakuna uzi unaosokotwa wala mtambo wa kufumia. Kwa kanuni hiyo nguo ya gome ni jamaa wa felti, ile nguo nzito ambayo wafugaji wa Asia ya Kati huitengeneza kwa kulowesha sufu ya kondoo na kuikanda mpaka isiachane. Kondoo wetu ana nywele fupi, hana sufu ya kukanda, kwa hiyo huku mti ulifanya kazi ya kondoo. Felti iliyofika kwa wingi zama za ukoloni ilikuwa tarbushi ya askari, na hiyo ilionwa zaidi kuliko kuvaliwa.

Wajapani nao walikuwa na gome lao. Mti wa kozo, wa ukoo mmoja na mitini yetu, hutoa nyuzi za karatasi ya washi, na kwa karne nyingi mafundi walibandika pamoja tabaka za karatasi hiyo kwa maji ya tunda bichi la persimoni, wakazitoboa nakshi kwa visu vyembamba, na kuzitumia kupitishia rangi kwenye nguo. Uzuri wa vitambaa vya Kijapani unaopendwa leo na washonaji wa dunia nzima, yale maua madogo, mawimbi na ndege waliopangwa kwa utulivu, una mizizi katika karatasi iliyotoka kwenye gome. UNESCO iliuorodhesha ufundi wa washi mwaka 2014. Nguo ya gome ya Waganda, inayotokana na mtini uitwao mutuba, ilitangazwa mapema zaidi, mwaka 2005. Gome la Katavi halimo katika orodha yoyote. Ufundi wake umebaki kwa warina asali wa Mlele, ambao bado hubandua gome zima la mti na kulifanya mzinga, huku maofisa wa misitu wakiwasihi watumie mizinga ya mbao kwa kuwa mti uliovuliwa gome pande zote hukauka.

Kusini kidogo, katika bonde la Rukwa na Ufipa, watu walikuwa wamekwenda mbali zaidi ya gome. Walilima pamba, wakaisokota, wakaifuma kwenye mitambo iliyolazwa chini. Livingstone alipopita Ufipa mwaka 1872, miezi michache kabla ya kufa, alikuta pamba ikilimwa na nguo zikifumwa. Zilikuwa nguo nzito zenye kudumu, lakini kila moja ilidai kazi ya siku nyingi, na hapo ndipo nguo ya kigeni ilipopata mwanya.

Mwaka mmoja kabla, Henry Morton Stanley alikuwa amekatiza Ukonongo na Ukawendi, yaani nchi ambayo leo ni Katavi. Vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida kutoka Tabora kwenda Ujiji, ikambidi azunguke kusini. Mizigo yake mikubwa ilikuwa nguo: marekani nyeupe isiyotiwa rangi, kaniki ya buluu iliyokoza, na vitambaa vya rangi kwa ajili ya watemi. Vipimo vilikuwa vya nguo pia. Shuka moja ilikuwa yadi mbili, doti ilikuwa yadi nne, na hongo ya kupita katika nchi ya mtemi ililipwa kwa doti. Nguo ilikuwa fedha kabla haijawa vazi, na mfumi wa Ufipa hakuwa na namna ya kushindana na fedha.

Marekani ilipewa jina hilo kwa haki. Meli za Salem, Massachusetts, ziliileta Zanzibar kwa wingi tangu miaka ya 1830, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya Marekani, viwanda vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo, na jina likabaki lilelile. Baadaye Wajapani wakafuma nguo hiyohiyo, nayo ikaendelea kuitwa marekani. Mteja wa Mpimbwe alitaka uzito wake na weupe wake. Cheti cha kuzaliwa cha kitambaa hakikumhusu.

Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa mlango wa pili. Kituo kilichoanzishwa na Mbelgiji Cambier mwaka 1879 kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, na kwa njia ya ziwa na ya nchi kavu nguo zikaingia humo pamoja na dawa na vitabu. Kisha Wajerumani wakadai kodi ya kibanda. Vijana wa magharibi wakaenda kutafuta pesa kwenye mashamba ya pwani, na waliorudi walirudi na nguo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo jora la kitambaa lililoshushwa Dar es Salaam halikuhitaji tena bega la mpagazi hadi Tabora.

Sasa Japani. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida hadi Afrika Mashariki. Meli zilileta nguo, na wanunuzi wa Kijapani walikuwa tayari Uganda wakitafuta pamba ghafi. Kwa hiyo pamba ya Uganda iliweza kwenda Osaka kama marobota na nyuzi za aina yake kurudi Mombasa zikiwa nguo. Viwanda vya huko vilikuwa na mitambo ya kisasa. Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wake wa kufumia unaojibadilishia uzi mwaka 1924, na mwaka 1929 Platt Brothers wa Oldham, wakubwa wa mitambo ya nguo Uingereza, walinunua haki ya kuutengeneza. Desemba 1931 Japani ikaacha kufungamanisha yeni na dhahabu, thamani ya yeni ikaanguka, na bei za nguo zake zikashuka wakati ule ule ambapo mdororo wa dunia ulikuwa umewakausha wakulima wetu. Mtu aliyeshindwa kununua nguo ya Manchester aliweza kununua ya Osaka.

Waingereza walichukia. Mazungumzo kati yao na Wajapani yalivunjika mwaka 1934, na makoloni mengi yakawekewa viwango vya mwisho vya nguo za Japani. Afrika Mashariki haikuguswa. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885 na kurekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, ilikataza kubagua bidhaa za nchi zilizotia sahihi, na Japani ilikuwa mojawapo. Tanganyika ilibanwa mara ya pili, kwa sababu ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, ambao nao ulidai milango iwe wazi. Mikataba iliyoandikwa na wakoloni kwa ajili ya kugawana Afrika ikageuka kuwa nafuu ya mama wa kijijini anayehesabu senti kwenye duka la Mhindi. Katikati ya miaka ya 1930 Japani ilikuwa inauza zaidi ya nusu ya nguo za pamba zilizoingia Afrika Mashariki, pamoja na fulana, mablanketi ya pamba na viatu vya mpira. Walioandika kwamba Wajapani "waliifurika" nchi kwa takataka walikuwa na kiwanda cha kutetea, wavaaji hawakulalamika.

Kanga ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hapo ndipo amri ilipotoka kwa mnunuzi. Kanga za kwanza za karne ya 19 zilichapwa Ulaya, hasa Uholanzi na Uingereza, na mfanyabiashara wa pwani ndiye aliyekuwa katikati. Maduka ya Mombasa kama lile la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Mali ya Abdulla, yalisikiliza wanawake wanataka nini, yakachagua pindo, mji na jina, kisha yakatuma agizo ng'ambo. Kazi ilipohamia Japani utaratibu haukubadilika. Mchoraji aliyezoea nakshi za kwao alilazimika kuchora korosho, nanasi au jogoo, na mpiga chapa ambaye hakujua neno la Kiswahili alipanga herufi za fumbo ambalo mke mwenza angelielewa mara moja. Akikosea rangi, robota lilirudi chini ya kaunta. Wanawake wa Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wakali kwa kanga iliyopitwa na wakati, na ukali wao ulifika hadi kwenye meza ya mchoraji wa Osaka.

Katavi haikuwa na sauti hiyo. Kilichofika huku ni kile kilichokwisha kuchujwa pwani, mara nyingi baada ya miezi, kupitia Tabora, kwa mali kauli: mfanyabiashara mkubwa alimpa mdogo mzigo kwa ahadi, mdogo akauza kwa asali, nta, samaki wakavu wa ziwani au fedha ya kibarua. Kaniki ilibaki na soko lake, hasa kwa matambiko, na hadi leo wapo wasiokubali rangi nyingine.

Vita vilikata kamba. Julai 1941 biashara na Japani ilifungwa, Desemba ikawa vita, na nguo ikawa adimu Tanganyika nzima. Pasipokuwa na Osaka, bei ilipanda na mgao ukaanza. Huo ndio ushahidi bora wa jinsi nchi ilivyokuwa imeitegemea pamba hiyo.

Viwanda vya Japani viliporudi sokoni baada ya vita, Mpanda ilikuwa imekuwa mji. Madini ya risasi yalikuwa yamevutia kampuni ya Uruwira, na mwaka 1950 tawi la reli kutoka Kaliua lilifika mgodini. Njia hiyo ilijengwa ili kutoa mawe. Mabehewa yake yalirudi na saruji, chumvi, sukari na majora. Wafanyakazi walitoka kila upande, wakapokea mshahara wa mwezi, na mshahara wa mwezi hujenga mtaa wa maduka ya nguo haraka kuliko kitu kingine. Kanga yenye maandishi madogo ya "Made in Japan" pembeni ilikuwa sasa safari ya treni kutoka pwani, si safari ya msimu. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, treni ikabaki, na maduka yakabaki pamoja nayo.

Kilichoiondoa kanga ya Japani hakikuwa ushindani wa kawaida. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka biashara ya kuagiza mikononi mwa dola, na mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikaanza kuchapa kanga na vitenge Ubungo kwa msaada wa China. Mwatex ikaja Mwanza, katikati ya nchi ya pamba. Kwa miaka michache ilionekana kwamba mduara umefungwa, pamba yetu ikivaliwa na sisi. Kisha ukaja upungufu wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, foleni za maduka ya ushirika, kanga mbili kwa kaya ikiwa una bahati. Aliyekuwa na ya Japani sandukuni aliitunza kwa harusi.

Wakati huohuo Katavi ilikuwa inapokea watu wapya. Wakimbizi kutoka Burundi waliwekwa Katumba baada ya mauaji ya mwaka 1972, na wengine Mishamo tangu mwaka 1978. Walileta mapenzi ya kitenge na mafundi cherehani wao, na wengi wao ni raia sasa. Wasukuma wakashuka na ng'ombe. Ukisimama soko la Mpanda leo utaona vitenge vya Kongo, kanga za India, mitumba na kitambaa cha China kwenye meza moja.

Japani haipo tena juu ya meza ya nguo. Ipo barabarani: mabasi madogo na malori ya mitumba yanayopita Mpanda kwenda Sumbawanga yakiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni, majina ya shule za chekechea na viwanda vya samaki ambayo dereva hana haja ya kuyasoma, kama vile mpiga chapa wa kanga hakuhitaji kusoma fumbo lake. Mengi ni Toyota, kampuni iliyozaliwa mwaka 1937 kutoka kiwanda cha mitambo ya kufumia cha Toyoda. Na ipo kwenye vifaa vya shule. Madaftari, vifuko vya kalamu na mabegi yenye paka mweupe asiye na mdomo, mengi yakiwa nakala zilizotengenezwa China, huuzwa Januari shule zinapofunguliwa, na watoto huyagombea bila kujua kwamba mchoro ule ni wa mwaka 1974. Bidhaa ya kwanza aliyowekwa paka huyo ilikuwa kipochi cha sarafu, kikaingia madukani Japani mwaka 1975. Kampuni iliyomchora, Sanrio, ilianza mwaka 1960, na biashara yake ya kwanza ilikuwa hariri.