Masafa

Anayenunua kifaa cha waifai kwa kompyuta ya mezani, awe Mwanza mjini au Nansio, mara nyingi atakuta kwenye boksi namba mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Hayo ndiyo masafa, na neno hili linamsaidia mnunuzi kuliko anavyodhani.

Asili yake ni Kiarabu, na maana ya kwanza ni umbali: masafa ya maji kutoka Ukerewe hadi Mwanza. Redio ilipokuja tukasema masafa mafupi, masafa ya kati, kwa sababu wimbi lilipimwa kwa umbali kati ya kilele na kilele. Baadaye neno likabeba pia idadi ya mitetemo kwa sekunde. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, maana masafa yakiwa ya juu, wimbi huwa fupi. La gigahezi 2.4 lina kama sentimita 12.5, la 5 lina 6 tu. Hili fupi kwa kawaida hupeleka data haraka zaidi, lakini ukuta wa tofali hulidhoofisha mapema.

Kwa hiyo ruta ikiwa sebuleni na kompyuta chumba cha mwisho, chukua kifaa cha masafa yote mawili. Vile vidogo vya USB vinavyochomekwa nyuma ya kompyuta huzibwa na kasha la chuma. Mimi ningenunua kadi ya ndani yenye antena za nje, hasa zile zenye waya, ili ziwekwe juu ya meza.