Wanyama wa Tingatinga Waanza Kutembea

Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora wanyama jijini Dar es Salaam. Alitumia vibao na rangi ile ya kupaka baiskeli. Chui wake walijaa madoa mwili mzima. Alifariki 1972.

Mwaka 2010 wanyama wa mtindo huo walitembea, wakaongea. Studio ya Homeboyz, Nairobi, iliwachezesha kwa kompyuta katika katuni ya televisheni Tinga Tinga Tales. Kompyuta ilipunguza kazi, maana kuchora kila picha kwa mkono, hadi 24 kwa sekunde, si mchezo!

Katuni nyingine, Ubongo Kids ya Tanzania, ilifuata 2014 kupitia kituo cha TBC1, ikifundisha hesabu kwa Kiswahili hadi sebule za Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Kati ya hizo mbili, Tinga Tinga Tales ndiyo yenye sura isiyosahaulika, na sura hiyo ilitoka kwenye brashi ya Tingatinga.