Barua Iliyorudi kwa Mtuhumiwa

Julai 2000, mkaguzi mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya General Electric aliiandikia barua serikali ya Japani. Alieleza kwamba mwaka 1989, alipokagua kinu namba 1 cha Fukushima Daiichi, alikuta nyufa kwenye kikaushio cha mvuke, na kwamba video ya ukaguzi ilikatwa ili nyufa zisionekane. Wizara iliyopokea barua ndiyo iliyosimamia usalama wa nyuklia. Ikafanya jambo ambalo kila nikilisoma naweka kalamu chini: ikawapa jina lake TEPCO, kampuni ile ile aliyoishtaki.

Sidhani ulikuwa uovu wa karani mmoja. Wizara hiyo ilikuwa na kazi ya kukuza nishati ya nyuklia, na NISA, wakala wa usalama ulioanzishwa Januari 2001, ukawekwa humo humo ndani. Wajapani wana neno amakudari, yaani kushuka kutoka mbinguni: ofisa anastaafu wizarani na kutua kwenye kiti laini cha kampuni aliyokuwa akiisimamia. Sisi tungesema kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Habari zilipotoka hadharani Agosti 2002, wakuu wa TEPCO walijiuzulu, na kufikia Aprili 2003 vinu vyake vyote 17 vilikuwa vimezimwa ili vikaguliwe. NISA ikabaki pale pale. Na si kwamba hapakuwa na mfano. Marekani iliivunja tume yake ya atomiki kwa sheria ya mwaka 1974, anayekuza akatenganishwa na anayedhibiti.

Mwaka 2008 wahandisi wa TEPCO walikokotoa kwamba tsunami ingeweza kufika mita 15.7 Fukushima Daiichi. Kituo kilikuwa kimejiandaa kwa mita 5.7. NISA iliarifiwa hesabu hiyo tarehe 7 Machi 2011. Bahari ilikuja tarehe 11. Vinu vitatu viliyeyuka, na watu zaidi ya 150,000 wakayaacha makazi yao.

Tume ya Bunge iliyoongozwa na Kiyoshi Kurokawa iliita ajali hiyo kazi ya binadamu, ikasema mdhibiti alikuwa ametekwa na aliowadhibiti. Hapo nakubaliana nayo. Lakini katika dibaji ya Kiingereza Kurokawa aliulaumu pia utamaduni wa Kijapani, utii wake na woga wa kuhoji wakubwa, na hapo ananipoteza. Onagawa nako ni Japani. Kituo chake kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, kikasalimika kwa sababu kilijengwa karibu mita 15 juu ya bahari, na mhandisi Yanosuke Hirai ndiye aliyeng'ang'ania kimo hicho. Mamia ya wanakijiji walikimbilia ndani ya kituo cha nyuklia kujiokoa! Utamaduni ule ule, mdhibiti yule yule. Tofauti ilikuwa mtu mmoja mbishi, na nchi iliyokuwa na vinu 54 haikuweza kumtegemea mbishi azaliwe kila mahali.

Nayasoma haya nikiikumbuka sheria yetu ya mwaka 2003, inayoipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kazi zote mbili, kudhibiti na kuhamasisha. Kenya ilizigawa kazi hizo kwa sheria zake za mwaka 2019. Kwetu hakuna kinu cha umeme wa nyuklia, kwa hiyo mjadala huu bado ni wa bei nafuu.

Japani iliivunja NISA Septemba 2012 na kuunda mamlaka mpya, nje ya wizara ya uchumi, ikiwekewa kanuni kwamba watumishi wake hawarudi kule walikotoka. Novemba 2024 mamlaka hiyo ilikikatalia kinu namba 2 cha Tsuruga kuwashwa tena, kwa kuwa haikuweza kuondolewa shaka kwamba chini yake kuna ufa hai wa ardhi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake kutamka hapana.