NARGIS: STERINGI WA KIKE ALIYETAKA KUWA DAKTARI

Juzi bibi yangu alikuwa anaangalia Mother India kwenye simu yangu huku analia kama kuna msiba ndani. Nikamuuliza, bibi, kwani huyu mama ni nani? Akanitolea macho: "Humjui Nargis wewe?" Basi nikaingia kazini. Kwa wale wa rika langu, nilichokipata ni hiki.

Jina lake halisi ni Fatima Rashid, alizaliwa tarehe 1 Juni 1929 Calcutta, India. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji na mtengenezaji wa filamu, akamwingiza kwenye sinema tangu mdogo, mwaka 1935. Mwenyewe ndoto yake ilikuwa udaktari. Lakini mwaka 1943 Mehboob Khan akamchezesha kama steringi kwenye Taqdeer, akiwa na miaka 14 tu. Habari ya udaktari ikaishia hapo. Sisi tulioishia sekondari tunaelewa jinsi ndoto inavyokatika hivihivi.

Kisha ikaja enzi yake na Raj Kapoor: Barsaat (1949), Awaara (1951), Shree 420 (1955). Awaara ilitikisa Urusi ya Kisovieti, na huku kwetu Zanzibar na Dar watu walijazana kumbini. Hata nembo ya studio ya Raj Kapoor ilitokana na pozi lao wawili kwenye Barsaat.

Mwaka 1957 ndio Mother India yenyewe. Nargis hajafika hata miaka 30, anacheza mama mkulima anayezeeka na taabu zake. Sasa sikilizeni hii: Sunil Dutt, aliyecheza mwanawe, alizaliwa siku 5 tu baada yake! Wakati wa kupiga picha moto ulimzingira Nargis, Sunil akajitosa kumwokoa, akaungua. Machi 1958 wakaoana, yeye Muislamu, bwana Mhindu. Filamu ikapendekezwa kwa tuzo ya Oscar, ya kwanza kutoka India.

Baada ya ndoa akaacha kazi akiwa juu kabisa, akalea watoto watatu. Alirudi na Raat Aur Din (1967), ikampa tuzo ya taifa. Aliwasaidia pia watoto wenye mtindio wa ubongo, na mwaka 1980 akaingia bungeni.

Saratani ya kongosho ilimchukua tarehe 3 Mei 1981, akiwa na miaka 51. Siku chache baadaye filamu ya kwanza ya mwanawe Sanjay kama steringi, Rocky, ikazinduliwa. Mama hakuiona.

Leo kule Barshi, India, ipo hospitali ya saratani yenye jina lake. Udaktari hakuupata, ila jina lake limefika wodini. Bibi nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Rudisha nyuma, pale kwenye moto."

Wadau, wazee wenu wanamkumbuka kwa picha lipi?